Salamu Maria Moja Penye Kabasha

Mshale wa manometa, kipimo cha mgandamizo, ulipanda, ukatetemeka, ukasimama penye sitini na mbili. Niligonga kioo kwa ukucha. Haukusogea. Nikafunga vana, ile koki ya chupa, nikaifungua upya taratibu, utadhani chuma kile kingenionea huruma. Sitini na mbili.

Karatasi iliyokuja na chupa, yenye mwandiko wa Grady na ile sahihi yake iliyojaa mikia, ilisema mia moja na kumi na nane.

Tuliiita chupa, lakini haikuwa ya kioo. Ilikuwa silinda ya chuma, urefu wa mkono wangu mzima, yenye vana kila upande. Ndani yake kulikuwa na mafuta yasiyotimia lita moja, yaliyochotwa chini kabisa ya kisima cha majaribio kwenye bonde la Semuliki, upande wa mashariki ya Beni. Walichota chupa mbili. Moja ilipanda ndege kwenda Ulaya, kwa wenye mashine kubwa, wenye foleni ndefu. Ya pili Profesa Kalala, mkuu wa maabara yetu, aliipigania miezi minane, barua juu ya barua, ili ipimwe hapa hapa Butembo, katika chumba chetu chenye dirisha moja na jenereta yenye kikohozi, kwa mikono yetu wenyewe. Mikono hiyo ilikuwa yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na saba na nilijiona mtu kweli kweli.

Acha nieleze jambo moja kwanza, maana bila hilo kosa letu litaonekana dogo. Kule chini sana, mafuta na gesi havikai mbalimbali. Uzito wa mwamba na joto la ardhi vimevibana mpaka gesi imeyeyukia ndani ya mafuta, vikawa kitu kimoja, kimya, chepesi kuliko unavyofikiri. Ukikipandisha juu, mgandamizo unapungua. Kwa muda huoni kitu. Halafu unafika mahali fulani, kwenye namba moja, ambapo kiputo cha kwanza kinazaliwa, na baada ya hicho vingine vinakuja kwa maelfu. Kazi yangu ilikuwa kuitafuta namba hiyo. Niyarudishe mafuta kwenye joto na mgandamizo wa kwao, ndani ya mashine yenye kijidirisha cha kioo kinene, kisha nilegeze kidogo kidogo huku nikichungulia.

Wenye kisima wakiijua namba, wanajua gesi itakayowatokea siku ya kufungua ni nyingi kiasi gani, na watu wasimame umbali gani. Lakini chupa iliyovuja inadanganya. Gesi inatoka kwanza, mafuta yanabaki, na hayo yaliyobaki yatakuambia bila wasiwasi wowote kwamba kule chini hakuna cha kuogopa.

Niliichukua simu nikamwita Grady. Alikuwa kijana wa Kinshasa, fundi wa pale kisimani, mwenye kuongea mbio na kucheka kabla ya mwisho wa sentensi. Siku hiyo hakucheka.

"Katungu, mi mwenyewe ndjo nilifunga. Nikapaka sabuni kila pahali, hata kiputo kimoja hakikutoka. Ndeko na nga, dada yangu, usinitafutie matatizo."

Nilimwamini. Basi kati ya Grady na mimi kulikuwa kumebaki mtu mmoja tu aliyeishika chupa ile, na mtu huyo alikuwa baba yangu.

Papa yangu, Kahongya, alisafirisha kasiksi, pombe ya ndizi, karibu maisha yake yote. Alianza na chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, akisukuma bidoni zake, yale madumu ya plastiki, kutoka Vuhovi hadi Butembo. Baadaye alipata pikapu kuukuu akaanza kwenda mpaka Beni. Kasiksi haipendi kufungiwa. Inachemka yenyewe ndani ya bidoni, na kadiri unavyopanda mlima juani ndivyo bidoni inavyovimba mpaka inakuwa na tumbo. Kwa hiyo wabebaji wana desturi yao. Wakifika penye mteremko mkali au mwinuko, wanasimama, wanalegeza kizibo cha kila bidoni kwa muda wa Salamu Maria moja, kisha wanakaza. Ukizidisha, pombe inapoteza nguvu. Ukipunguza, unajitafutia msiba. Wanasema wanaipumuzisha.

Na kwetu msiba ulishaingia. Nilikuwa na miaka saba. Mvua ilimkuta Papa njiani, akaharakisha, akapita bila kusimama. Alipofika nyumbani, mama yangu, Virginie, aliinama kufungua bidoni ya kwanza ili aonje. Kizibo kiliruka. Nakumbuka mlio, nakumbuka povu jeupe ukutani, nakumbuka Mama amekaa chini ameshika uso, akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Leteni kitambaa." Jicho lake la kushoto halikupona. Papa hakuwahi kuliongelea jambo hilo, si mbele yetu, lakini tangu mwaka ule hakuna mtu wa nyumba yetu aliyeruhusiwa kufungua kitu chochote kilichofungwa kabla yeye hajakigusa. Hata chupa ya maji ya soda kwenye harusi! Tulimcheka sana, na yeye alituacha tucheke.

Ajabu ni kwamba kazi yenyewe niliipata kwa kasiksi. Profesa Kalala, mtu wa Kasaï aliyeletwa kwetu kufundisha akakataa kuondoka hata vita ilipotukaribia, alituuliza darasani gesi inaendaje mafichoni ndani ya mafuta. Nikanyanyua mkono nikasema ni sawa na kasiksi: ukiifunga Vuhovi gesi inajificha, ukiifungua Butembo inatoka na hasira. Darasa zima likaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alifuta ubao, akasema, "Huyu mademoiselle anione kwa bureau." Mwaka uliofuata nilikuwa msaidizi wake.

Nilimkuta Papa karibu na soko, amelala ndani ya pikapu, kofia usoni. Niligonga mlango. Aliponiona, uso ukafunguka.

"Chupa yako ilikubali?"

"Papa, kuna mutu aliigusa njiani? Pa barrière, basoda ba jeshi hawakuifungua?"

"Basoda? Hapana. Niliwaonyesha karatasi, bakaniacha." Akakaa vizuri, akavuta shati lake, na nikajua kabla hajasema. "Mimi ndjo niliipumuzisha. Nilifika pa Kabasha, kabla ya kupanda, nikashuka. Nikaigusa, ikakuwa na moto ya jua. Nikasema, hii itapanda mulima wote ule, na mwanangu ndjo atafungua. Nikatosha kle, nikalegeza pale juu kidogo. Salamu Maria moja tu. Ikapumua, psss, na mwisho ikaleta povu kidogo ya rangi ya chai. Nikafunga. Nilifanya muzuri?"

Kitu kilichoniuma zaidi si jibu lake. Nilikumbuka asubuhi ya juzi, yeye akiwasha gari, mimi nimeegemea dirisha lake nikitoa maagizo kwa kiburi cha mtu aliyesoma. Nilimwambia, "Papa, ile chupa iko na nguvu mingi ndani. Uchunge sana, isije ikapasuka." Hayo tu. Sikumwambia asiifungue. Nani anamwambia mtu asifungue silinda ya chuma kwa kle, ile spana ya gari? Nilisahau nilikuwa naongea na nani. Nilimpa yule baba, kwa maneno yangu mwenyewe, hofu yake ya miaka ishirini, nikamwambia aibebe mpaka Butembo.

"Ulifanya muzuri, Papa," nikasema. "Wasingya, aksanti."

Nilirudi maabara kwa miguu. Fomu ilikuwa mezani. Kisanduku cha kwanza kiliuliza mgandamizo wa chupa ilipofika. Niliwaza miezi minane ya barua. Niliwaza Profesa akisimama mbele ya wale wa kisimani, waliokwisha kusema kwamba watu wa Butembo wanajua biashara, mafuta wawaachie wengine. Niliwaza baba yangu akitajwa katika ofisi za watu: mzee mmoja wa pombe, hajui kitu, akafungua. Nikaandika mia moja na kumi na nane. Kwa kalamu ya wino, si kwa penseli.

Halafu nikaendelea na kazi kama vile hakuna kitu. Nilipasha moto, nikabana, nikalegeza, nikachungulia. Kiputo cha kwanza kilikuja kimechelewa sana, chini kabisa, mahali ambapo mafuta maskini ya gesi hutoa kiputo chao. Kilikuwa kizuri, hata hivyo. Kilining'inia juu ya kioo, kidogo kuliko punje ya ulezi, na mimi nikakiandikia namba yake kwa makini yote, desimali kwa desimali, juu ya uongo.

Profesa alisaini bila kupindua ukurasa. "Wewe ukiandika, mimi nasaini," alisema, na akanipa mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alituma majibu alasiri ile ile.

Jioni tulikuwa tunakula, Mama, Papa na mimi, bugali na sombe ya majani ya muhogo, Grady alipopiga simu. Sauti yake ilikuwa imerudiwa na kicheko.

"Katungu, majibu imefika! Donc, kumbe ni mafuta ya kutulia. Chef anasema tutafungua juma ijayo na ile bomba fupi ya kuchoma gesi, hakuna haja ya kungoja ile ndefu itoke Kampala. Mi ndjo nitakuwa pa vana. Nitakupigia picha."

Nilisema sawa. Niliweka simu chini, na mkono ukakataa kurudi kwenye sahani.

Mama ndiye aliyeniangalia kwanza. Kwa jicho lile moja Mama anaona kuliko sisi wote. "Sema," akasema.

Nikasema yote. Niliwaeleza gesi inavyotangulia kutoka, na namba niliyoandika, na Grady atakayesimama penye vana akidhani anafungua mafuta yaliyolala. Nilimwona Papa akisikiliza kama anavyosikiliza padri, kichwa chini. Nilipomaliza alichukua muda mrefu kutafuna kitu ambacho nadhani hakikuwamo mdomoni.

"Yule kijana anaweza kuumia?"

"Anaweza, Papa. Gesi ikiwa mingi na bomba ni fupi, moto unarudi kwa batu."

"Juu yangu."

"Juu yangu mimi. Weye ulifungua chupa. Mimi ndjo niliandika uongo."

Alinyanyuka. Nilifikiri ametoka nje kujificha machozi, kwa kuwa wanaume wetu wanafanya hivyo. Lakini alirudi na koti lake la Jumapili, lile la kahawia, akalitundika juu ya mlango ili lisipate mikunjo, akasema, "Kesho, misa ya kwanza ikiisha. Utanipeleka kwa mwalimu wako."

"Nitaenda peke yangu, Papa."

"Katungu." Aliniita jina tu.

Profesa Kalala alitukuta tumesimama mbele ya mlango wa maabara saa moja kasoro. Alitukaribisha, akamvutia Papa kiti, na Papa hakukaa. Nilisema nilichopaswa kusema. Papa akasema chake: Kabasha, jua, kle, povu la rangi ya chai. Kisha akasema jambo ambalo sikuwahi kumsikia akilisema mbele ya mtu, kwamba miaka ishirini iliyopita alipita bila kusimama na mke wake akapoteza jicho, na kwamba huyu ni mwana wake wa pekee aliyesoma, na kwamba alifikiri anajua.

Profesa alibaki amesimama, mkono mmoja juu ya mashine.

"Miezi munane," alisema.

Hakupaza sauti, na laiti angepaza. Alifungua faili, akaitoa nakala ya fomu yenye sahihi yangu na yake, akaitazama kwa muda. Kisha akapiga simu kisimani. Nikamsikia akisema, kwa Kifaransa safi na polepole, kwamba majibu ya jana hayafai, kwamba chupa ilipoteza gesi njiani na maabara yake iliandika vibaya, kwamba wasifungue kitu mpaka ile bomba ndefu ifike na wajipange kama vile gesi iko nyingi sana. Alisema "maabara yangu". Hakutaja mtu.

Alipoweka simu, alimgeukia Papa.

"Papa Kahongya, ile Salamu Maria, mulikuwaka munaisema mbio ao pole?"

"Pole, Profesa. Sawa kanisani."

"Unaweza kuisema hapa? Sawa vile uliisema pale Kabasha."

Alivua saa yake ya mkononi akaiweka mezani. Papa alinitazama. Akavua kofia. Kisha akanyoosha mkono wa kulia mbele yake, akashika hewa, akageuza kidogo, na kuanza kusali. Mwanzoni sauti ilikuwa ya aibu, halafu ikatulia. Mdomo ukisali, mkono ulikuwa umekaa pale pale, umeshika kle isiyokuwepo, na niliona vidole vyake vinavyosikiliza. Alipofika pale pa kuombea saa ya mwisho, mkono ukageuka, ukafunga. Amina ilikuja baada ya kufunga.

"Sekunde kumi na tisa," Profesa akasema.

"Inatosha kuirudisha?" Papa aliuliza. "Katungu alinielezaka, gesi inaweza kurudishwa ndani."

"Ningejua ni kiasi gani ilitoka, ningeweka ingine ya kipimo kile kile. Mais sekunde haitoshi, Papa. Sijui ilitoka na nguvu gani." Akaanza kuandika. "Nitaiandika tu. Mutu atakuja kusoma kesho, asifikiri ardhi ya huku ndjo iko vile."

Papa alimshukuru kwa mikono miwili. Tulipotoka nje alikaa kwenye ngazi, akavaa kofia, akaivua tena. Alilia pale, mchana kweupe, wanafunzi wakipita.

Bomba ndefu ilifika. Miezi mitatu baadaye majibu ya Ulaya yalikuja nayo, namba zaidi ya mara mbili ya yangu. Walipofungua kisima, moto ulisimama juu ya bonde siku mbili mchana na usiku, na watu wa pembeni ya Beni walidhani ni shambulio jingine la waasi, wakafunga vitu vyao wakakimbia. Grady alinitumia picha. Mwali ulikuwa mrefu kuliko miti, na yeye alikuwa kidoti cha njano mbali sana, ameinua mkono. Chini aliandika, *Bomba fupi ingenila.* Sijui kama aliwahi kuambiwa yote. Mimi sikumwambia, na hilo pia ni langu.

Chupa nyingine haikuletwa Butembo. Profesa hakunifukuza, aliacha tu kunipa ufunguo. Tulisalimiana, tulifanya kazi za wanafunzi, lakini mlango wa maabara alifungua mwenyewe kila asubuhi, na mwaka ulipokwisha niliomba nafasi ya kufundisha kemia katika shule ya sekondari, ambako niko mpaka leo. Profesa alipohamishwa kwenda Kisangani alinitumia bahasha kwa mkono wa mwanafunzi. Juu yake palikuwa pameandikwa: ripoti ya chupa. Niliisukuma ndani ya sanduku bila kuifungua. Nilijua kilichomo, au nilidhani najua, na sikutaka kuliona jina langu pale.

Papa alifariki Februari ya mwaka jana. Alifia kitandani kwake, Vuhovi walikorudi uzeeni, mikononi mwa Mama, na kwa mtu aliyeendesha barabara ya Beni miaka yote ile, wenzake walisema amebarikiwa. Siku ya tatu baada ya mazishi wageni walipopungua, Mama alikaa karibu nami.

"Kile kitu mwalimu wako aliandika juu ya Papa," akasema. "Alikufa anakiwaza. Alikuwaka anasema, kule kwa bureau waliniandika mujinga. Nisomee. Nataka kujua walimuandika nini."

Nililitoa sanduku. Bahasha ilikuwa imeshikana kwa unyevu, nikaipasua kwa kisu. Kurasa tatu za namba, kisha ukurasa wa mwisho, sehemu ya maelezo ya usafirishaji, kwa mkono wa Profesa, wino wa bluu. Jina langu halikuwepo. Nilisoma kwanza kwa macho, nikashindwa, nikanywa maji. Kisha nikamsomea Mama, nikigeuza Kifaransa polepole:

"Vana ya juu ilifunguliwa njiani, penye Kabasha, kabla ya mwinuko. Muda: sekunde kumi na tisa, zimepimwa mbele yangu. Aliyefungua: Bwana Kahongya, msafirishaji, mwenye uzoefu wa miaka thelathini wa kubeba vimiminiko vyenye gesi. Sababu ya kufungua: kulinda macho ya binti yake."

Nje kulikuwa na mtu anapasua kuni. Mama alijifuta uso kwa kona ya kitambaa chake, upande wa kulia, kisha, kwa mazoea, na upande wa kushoto.

"Rudilia ile ya mwisho," akasema.

Nikarudia.